Baraka: Kadi ya wifi haijafa, ni draiva imefutwa. Mafundi waache haraka ya kuformati

BARAKA, FIZI – Ndani ya mji wa Baraka kuna neno moja ambalo mwenye kompyuta anasikia karibu kila akipeleka mashine kwa fundi: «Kadi ya wifi imekufa.» Neno hilo linasemwa upesi. Fundi anafungua laptop, anaangalia kona ya chini ya kioo, anaona hakuna alama ya wifi, na hukumu inatoka. Baada ya hukumu, mteja anaonyeshwa njia mbili: anunue adapta ndogo ya kuchomeka kwenye USB, au mashine iformatiwe yote na kuwekewa Windows mpya. Mara nyingi analipia vyote viwili. Anarudi nyumbani na pochi tupu, na wifi bado haishiki.

Ukweli lazima usemwe wazi kwa wasikilizaji na wasomaji wote, kutoka Mboko hadi Lulimba: kadi nyingi zinazoitwa maiti ni nzima kabisa. Kinachokosekana ni draiva, na mara nyingi aliyeifuta ni fundi mwenyewe siku alipoformati.

Draiva, ambayo waliosoma Kifaransa wanaiita piloti, ni programu ndogo inayoifundisha Windows namna ya kuongea na kifaa fulani. Jina lenyewe linajieleza: ni dereva. Gari lililoegeshwa bila dereva halijafa. Injini iko, mafuta yako, magurudumu yako, lakini haliendi. Mtu akifika na kusema gari hilo limekufa, linunuliwe lingine, watu watamcheka. Kwenye kompyuta, mtu huyo huyo analipwa.

Ufunguo umefungiwa ndani ya nyumba

Ubaya unaanza namna hii. Kompyuta ikitoka kiwandani, inakuja na draiva zake zote: ya wifi, ya sauti, ya kioo, ya kamera. Baada ya miaka, mashine inakuwa nzito au inaingia virusi. Fundi anachukua flashi yake yenye Windows, anafuta diski nzima, anaweka Windows mpya. Windows hiyo mpya inajua kadi nyingi, lakini haijui zote. Ikikutana na kadi isiyoijua, inaiacha hivyo hivyo. Hapo wifi inapotea.

Dawa yake iko kwenye intaneti, kwenye tovuti ya aliyetengeneza mashine. Lakini ili kufika kwenye intaneti, wifi lazima ifanye kazi, na ili wifi ifanye kazi, draiva lazima iwepo. Ufunguo umefungiwa ndani ya nyumba.

Katika miji ya wenye kutengeneza mashine hizi, jambo hilo halimsumbui mtu. Nyumbani kwake kuna waya wa intaneti ukutani, anauchomeka, Windows inajitafutia draiva yenyewe, kazi imekwisha. Katika Baraka, Fizi Centre au Lusenda, intaneti ya familia iko ndani ya simu, na inanunuliwa kwa mega. Waya wa ukutani haupo, na umeme wenyewe ni wa paneli za jua au jenereta. Waliopanga namna Windows inavyowekwa hawakuwaza nyumba ya namna hiyo. Tangu Windows 11 ilipotoka mwezi wa Oktoba 2021, toleo lake la nyumbani linadai intaneti kabla hata ya kumaliza kujiwekea. Mashine isiyo na draiva ya wifi inakwama hapo hapo, na fundi anaamini amepata ushahidi kwamba kadi imekufa.

Kwa hiyo lawama ya kwanza ni ya wakubwa wa mbali. Lakini lawama hiyo haimpi fundi wa karibu ruhusa ya kumwambia mteja uongo, hata kama ni uongo wa kutokujua.

Kinachopotea si wifi peke yake

Mtu anaweza kusema: haya ni mambo madogo, watu wana vita, wana njaa, nani ana muda wa kulilia draiva? Swali hilo linajibiwa na historia ya Fizi yenyewe.

Watu wa eneo hili wanajua kukimbia. Katika vita vya 1996 na 1998, familia nyingi zilivuka Ziwa Tanganyika kwenda Kigoma, na kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa 1996, imejaa hadi leo watu wenye asili ya Fizi. Kuanzia 2005 wengine walirudishwa kwa meli hadi Baraka. Upande mwingine, Warundi walipokimbia nchi yao 2015, walipokelewa Lusenda, na baadaye Mulongwe. Na miaka hii tena, vita vya Kivu Kusini vinasukuma familia kutoka milimani na kutoka upande wa Uvira kuja kutafuta usalama pwani ya ziwa.

Kila safari ya namna hiyo inakula makaratasi. Nyumba inachomwa pamoja na buletini za watoto, diploma ya serikali, cheti cha kuzaliwa, hati ya shamba. Ndiyo sababu familia nyingi zimejifunza akili mpya: kupiga picha kila karatasi na kuihifadhi kwenye simu na kwenye kompyuta ya nyumbani. Laptop ya zamani inayobebwa kichwani ndani ya mfuko wa plastiki, chini ya godoro na sufuria, mara nyingi ndiyo kabati la mwisho la familia.

Sasa laptop hiyo inapelekwa kwa fundi kwa sababu wifi haishiki. Fundi anasema: «Tuiformati.» Anayeelewa vizuri anauliza kwanza kuna nini ndani. Asiyejali anafuta diski yote kwa dakika chache, na picha za hati, kazi ya mwisho ya mwanafunzi, picha za marehemu, vyote vinaondoka. Moto haukuvipata wala mto haukuvibeba. Vimeondoka kwa sababu ya programu ndogo ambayo ingewekwa bila kugusa faili hata moja.

Hilo ndilo jambo la kukasirikia. Kuformati kwa sababu ya draiva ya wifi ni kama kubomoa nyumba kwa sababu kitasa cha mlango kimepotea.

Namna ya kujua kama kadi imekufa kweli

Uchunguzi hauhitaji shule kubwa. Kwenye Windows 10 na 11, mtu anabonyeza kwa kitufe cha kulia cha kipanya juu ya alama ya Windows, chini ya kioo, na kuchagua orodha ya vifaa. Kwenye mashine ya Kifaransa imeandikwa «Gestionnaire de périphériques», kwenye ya Kiingereza «Device Manager». Hapo kila kifaa cha mashine kinaonekana kwa jina, na kadi ya wifi inajionyesha kwa hali mojawapo kati ya hizi.

Kwanza, kadi inaweza kuwa na alama ndogo ya mshale unaotazama chini, na ukiifungua inaandika kodi 22. Maana yake imezimwa tu. Inabonyezwa kwa kitufe cha kulia, inawashwa, basi. Laptop nyingine zina kitufe cha pembeni au kwenye klavye, chenye picha ya mnara au ya ndege, ambacho kinazima wifi mtoto akikigusa bila kujua. Kuna watu wamelipia adapta kwa sababu ya kitufe hicho.

Pili, kunaweza kuwa na alama ya njano yenye mshangao, pembeni ya jina kama «Contrôleur réseau», na kodi 28. Maana ya kodi 28 ni moja: draiva haijawekwa. Kadi inaongea na mashine, inasema «niko hapa», lakini Windows haina lugha yake. Fundi anayesoma kodi 28 na kusema kadi imekufa amesoma cheti cha uzima na kutangaza msiba.

Tatu, inaweza kuandika kodi 10, kwamba kifaa kimeshindwa kuanza. Hapo draiva inaweza kuwa mbaya au si yake, na inafaa kujaribu nyingine kabla ya kufungua mashine.

Nne, kadi inaweza kuwa haionekani popote kwenye orodha. Hapo ndipo hofu ina haki. Hata hivyo bado fundi anapaswa kuangalia kama kadi haikuzimwa kwenye BIOS, kisha afungue mashine na kuikaza vizuri kwenye sehemu yake, kwa sababu mashine zilizosafirishwa kwa pikipiki kwenye njia mbovu zinalegea. Akimaliza hayo yote na kadi bado imenyamaza, aseme imekufa. Wala hakuna atakayembishia, kwa sababu kadi zinakufa kweli: joto, vumbi, unyevu wa ziwa, na umeme wa jenereta unaopanda na kushuka.

Kinachodaiwa ni uchunguzi uje kabla ya hukumu.

Kadi ina kitambulisho

Kodi 28 ikionekana, kazi inayofuata ni kujua kadi ni ya nani. Hapa pia watu wanadanganywa. Fundi anaweka draiva ya mashine nyingine «inayofanana», haishiki, anaweka ya pili, haishiki, ya tatu inaiharibu Windows, mwisho anaformati tena.

Kubahatisha hakuna haja. Kila kadi ina kitambulisho chake. Kwenye orodha ile ile, mtu anafungua kadi yenye alama ya njano, anaingia kwenye «Détails», anachagua namba za utambulisho wa kifaa. Kama imeandikwa VEN_8086, mtengenezaji ni Intel. VEN_10EC ni Realtek. VEN_14E4 ni Broadcom. VEN_168C ni Qualcomm Atheros. VEN_14C3 ni MediaTek. Kwenye adapta ndogo za USB, VID_0BDA ni Realtek. Namba inayofuata, ile ya DEV au PID, inasema ni kadi ipi hasa. Mtu anaiandika kwenye karatasi au anaipiga picha kwa simu, na kwa simu hiyo hiyo anaitafuta kwenye tovuti ya aliyetengeneza laptop.

Lazima pia aangalie kama Windows yake ni ya biti 32 au 64, kwa sababu draiva ya moja haikubali kwenye nyingine. Na azikimbie zile programu zinazojitangaza kwamba zina draiva zote za dunia na zinaponya mashine kwa kubonyeza mara moja. Nyingi zinaingia na wageni wasioitwa: matangazo, programu za kulipisha, mara nyingine virusi. Mashine inapata wifi na kupoteza usalama.

Simu ndiyo waya wa Baraka

Swali linabaki: draiva itafikaje ndani ya mashine isiyo na intaneti? Jibu liko mfukoni mwa karibu kila kijana wa mji huu, na ni ajabu kwamba linasemwa na wachache.

Simu ya Android inaweza kuipa kompyuta intaneti kwa kupitia waya ule ule wa kuchajia. Haihitaji wifi ya kompyuta hata kidogo. Mtu anachomeka simu kwenye USB, anaingia kwenye mipangilio ya simu, kwenye kugawa muunganisho, anachagua kugawa kwa USB. Windows 10 na 11, kwa kawaida, zinaitambua simu hiyo kama vile waya wa intaneti umechomekwa. Waya uwe ule unaopitisha data, kwa sababu zile nyaya za bei rahisi zinachaji tu. Baada ya hapo mtu anarudi kwenye kadi yenye alama ya njano na kuiambia Windows itafute draiva yenyewe, au anachukua faili kwenye tovuti ya mtengenezaji.

Tahadhari moja ina thamani ya pesa: mara draiva ikipatikana, simu ichomolewe upesi. Windows ikiona intaneti, inaanza kuvuta masasisho yake makubwa bila kuuliza, na mega za wiki zinaisha kabla chai haijapoa.

Njia nyingine ni kuchukua faili ya draiva kwa simu, kuihamisha kwa waya kama vile wimbo, na kuiweka. Faili ya namna hiyo mara nyingi ni mega makumi machache. Bei yake ni ndogo sana mbele ya bei ya adapta.

Kuhusu adapta zenyewe, kuna kichekesho ambacho hakichekeshi. Nyingi zinauzwa na sidii ndogo yenye draiva ndani. Laptop nyingi za sasa hazina sehemu ya kuingiza sidii. Mama ananunua adapta ili kuikwepa draiva, anafika nyumbani, na adapta nayo inadai draiva, na draiva iko kwenye sidii isiyo na mahali pa kuingia. Ametoka kwenye shida ya bure na kuingia kwenye shida ile ile kwa kulipa.

Mafundi wanajitetea, na wana haki kidogo

Haki itendeke kwa pande zote. Fundi wa Baraka si tajiri. Anafanya kazi kwenye kibanda chenye joto, kwa umeme anaoununua, kwa mega anazozilipa mwenyewe. Wengi wamejifunza bila mwalimu, kwa kuangalia wakubwa wao. Mteja anakuja na haraka, anataka mashine jioni, na hataki kulipa kwa kazi ya «kubonyeza tu». Akiona fundi amebonyeza mara tatu na wifi imerudi, anasema: «Hii nayo ni ya kulipa?» Akiona kioo cha buluu, asilimia zinapanda kwa saa nzima, anaona kazi imefanyika, analipa bila kubisha.

Hoja hiyo ni ya kweli, na wateja wanapaswa kuisikia. Anayemlipa fundi kwa kuformati na kumnyima kwa kufikiri, anamfundisha kuformati. Ujuzi wa kusoma kodi 28 na kupata draiva sahihi ni kazi kamili na ina bei yake. Ilipwe.

Lakini hoja hiyo haifiki mbali. Daktari maskini haruhusiwi kukata mguu kwa sababu mgonjwa halipii ushauri. Na mafundi wanajua jambo lingine wasilolisema: kabla ya kuformati, draiva zote za mashine zinaweza kuhifadhiwa kwenye flashi, bure, bila intaneti, kwa amri moja iliyomo ndani ya Windows 10 na 11 yenyewe. Mtu anatengeneza folda kwenye flashi, kwa mfano D:\draiva, anafungua dirisha la amri kama msimamizi, anaandika:

pnputil /export-driver * D:\draiva

Draiva zilizowekwa juu ya zile ambazo Windows inakuja nazo, ikiwemo ya wifi, zinanakiliwa. Baada ya kuweka Windows mpya, anaandika:

pnputil /add-driver D:\draiva\*.inf /subdirs /install

Zinarudi. Kama Windows mpya ni ya toleo lile lile na biti zile zile, wifi inashika bila kutafuta kitu mahali popote. Kazi yote ni dakika chache. Anayeformati bila kufanya hivyo hawezi kusema ni umaskini uliomzuia.

Hata aliyechelewa ana tumaini dogo. Kama Windows mpya iliwekwa juu ya ya zamani bila kufuta diski, folda inayoitwa Windows.old inabaki kwenye diski C, na ndani yake draiva za zamani bado zipo. Windows yenyewe inaifuta baada ya siku chache, kwa hiyo mtu asikawie. Akiielekeza kadi yenye alama ya njano itafute draiva ndani ya folda hiyo, inaweza kuamka.

Wauzaji na wagawaji nao wajibu

Lawama haiishii kwenye kibanda cha fundi. Wauzaji wa mashine za mitumba, zinazofika kwa barabara ya Uvira au kwa boti za ziwani, wanauza laptop zilizoformatiwa mara nne, zenye Windows ya kunakili, bila kumwonyesha mnunuzi kama wifi inashika. Mnunuzi anapaswa kukataa kulipa kabla ya kuona wifi ikishika simu, kamera ikifunguka na sauti ikitoka. Vitu hivyo vitatu vinaonyesha kwa dakika moja kama draiva zipo.

Mashirika yanayogawa kompyuta kwa shule na vituo vya vijana nayo yana deni. Kompyuta kumi zikiletwa na picha zikipigwa, bila flashi moja ya draiva na bila mtu wa hapa aliyefundishwa, baada ya mwaka zinakuwa meza za kuwekea vikombe. Msaada wa namna hiyo unahesabiwa kwenye ripoti, lakini hauhesabiki darasani. Flashi yenye draiva za mashine zilizogawiwa ingekuwa kitu cha mwisho kwa bei na cha kwanza kwa faida.

Na watengenezaji wakubwa wasiachwe. Kwa miaka mingi, kadi za Broadcom zilikuwa mateso kwa watumiaji wa Linux duniani kote, kwa sababu kampuni haikutoa draiva iliyo wazi. Watu wa kujitolea walilazimika kuchunguza kadi hizo kama wezi wanaochunguza kufuli, ili tu zifanye kazi. Mwezi wa Septemba 2010 kampuni yenyewe ilitoa draiva ya wazi kwa baadhi ya kadi zake. Hilo linaonyesha kwamba kufungia draiva ulikuwa uamuzi, na uamuzi unaweza kubadilishwa. Kampuni zinazouza mashine Afrika zinaweza kuweka draiva za kila modeli kwenye sehemu ya diski isiyofutwa kirahisi, au kwenye flashi ndani ya boksi. Zidaiwe.

Wakati ni sasa

Jambo hili lina haraka. Tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft ilimaliza kuihudumia Windows 10 kwa kawaida. Mashine nyingi za zamani, zilizo nyingi Fizi, hazikubaliwi na Windows 11. Maana yake ni kwamba watu wengi watapeleka mashine kwa mafundi: wengine kutaka Windows 11, wengine Linux, wengine kwa sababu ya virusi. Wimbi la kuformati linakuja. Likija kwa desturi ya sasa, kadi nyingi nzima zitatangazwa maiti, na makabati mengi ya familia yatachomwa bila moto.

Kwa hiyo kila mwenye mashine, mkaaji wa mji au mkimbizi wa ndani, aingie kwa fundi na maswali matatu, bila aibu. Kadi inaonekana kwenye orodha, na ina kodi gani? Kitambulisho chake ni namba gani? Draiva za zamani na faili zangu umezihifadhi wapi kabla ya kufuta? Fundi akijibu yote matatu, apewe kazi na alipwe vizuri. Akishindwa hata moja, mashine ifungwe na kubebwa kwa mwingine.

Na mafundi wenyewe, wanaokutana sokoni kila siku, wanaweza kufanya jambo ambalo halihitaji shirika wala mfadhili: kila mmoja ahifadhi draiva za kila mashine inayopita mikononi mwake, aziandike kwa modeli, na wabadilishane flashi. Baada ya miezi michache mji mzima ungekuwa na ghala la draiva za mashine zinazotumika hapa, bila mega hata moja.

Wazee walisema haraka haraka haina baraka. Katika mji unaobeba jina hilo, ni aibu kuona fundi anafuta kumbukumbu za familia kwa dakika tano, kwa sababu tu hakutumia dakika mbili kusoma kodi iliyo mbele ya macho yake.